Mafunzo Mengi, Ruhusa Haba

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua shule huko Mzumbe, nje ya mji wa Morogoro kwenye barabara ya Iringa, ili kuwafundisha machifu, watumishi wa mamlaka za wenyeji na madiwani. Mwaka huohuo Tanganyika ilipata sheria ya serikali za mitaa iliyokusudia kugeuza, hatua kwa hatua, mabaraza ya machifu kuwa halmashauri. Tangu hapo nchi haijakosa mahali pa kumnoa mtumishi wa halmashauri. Mzumbe ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001, Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo, Dodoma, kikapata sheria yake mwaka 1994, na semina elekezi hazina idadi. Lakini kilio cha mwananchi dirishani ni kilekile: faili halionekani, anayehusika katoka, njoo kesho. Jibu la haraka siku zote limekuwa kwamba mafunzo hayajatosha, waongezewe. Kwa jinsi ninavyoisoma historia hii, tatizo liko kwingine. Watumishi walifunzwa sana kutunza utaratibu na kuulinda, ila hawakupewa ruhusa ya kuurekebisha, na kila serikali iliyokuja ilikuwa na sababu yake ya kuwanyima ruhusa hiyo.

Mizizi ni mirefu kuliko Mzumbe. Wajerumani walihitaji maakida na makarani wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili, na shule yao ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilitoa watu wa namna hiyo. Waingereza nao, chini ya Gavana Donald Cameron, walitunga mwaka 1926 sheria ya mamlaka za wenyeji, wakawapa machifu mahakama zao na hazina zao, na huko Tabora ikawapo shule iliyoanzishwa mwaka 1925 hasa kwa watoto wa machifu. Hazina hiyo, ambayo wengi waliiita baitulmali, ilikuwa moyo wa mfumo wote. Karani wake alipokea kodi, akaandika stakabadhi, akajaza daftari, na afisa wa wilaya akaja kukagua kama tarakimu zinalingana. Karani hodari alikuwa yule ambaye daftari lake halina dosari. Sidharau jambo hilo hata kidogo, kwa sababu pasipo daftari safi kodi ya mkulima huishia mfukoni mwa mtu. Ila katika mpango huo wote hakuna mahali ambapo karani, anayewaona walipa kodi kila siku na kujua foleni inakwama wapi, alitarajiwa kupendekeza kazi ifanywe kwa namna nyingine. Utaratibu ulitoka bomani, naye kazi yake ilikuwa kuufuata. Mzumbe ilipofunguliwa ilirithi mtazamo huo pamoja na madaftari yake.

Uhuru ulibadili wenye mamlaka, lakini swali la nani anaruhusiwa kurekebisha kazi halikuguswa. Uchifu ulifutwa kisheria mwaka 1963 na halmashauri za wilaya zikabaki zenyewe, zikiwa na shule, zahanati na barabara za kuangalia na fedha kidogo. Kufikia mwisho wa muongo huo zilikuwa zimepokonywa vyanzo vyake vikubwa vya mapato na sehemu ya kazi zake, na mwaka 1972 zikavunjwa. Za mijini zikafuata mwaka uliofuata. Mahali pake pakaja mpango wa Madaraka Mikoani, uliobuniwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani, ukiwa na wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wa wilaya. Lengo lililotangazwa lilikuwa kusogeza uamuzi karibu na wananchi, lakini waliosogea hasa ni maofisa wa serikali kuu. Na mwaka huohuo wa 1972, Mzumbe iliunganishwa na taasisi ya utawala wa umma iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikapandishwa hadhi. Yaani mafunzo ya uongozi yalipata nguvu mpya wakati uleule ambapo chombo cha mtaa cha kuyatumia kilikuwa kimezikwa. Ofisa aliyehitimu alirudi wilayani akiwa na elimu ya mipango, lakini mipango ilipangwa ngazi ya juu yake, na ngazi hiyo nayo ikisubiri ya juu zaidi. Mijini matokeo yalionekana kwa macho na kwa pua: taka hazizolewi, mitaro imeziba, na kipindupindu kikapiga. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya muda. Sheria za mwaka 1982 zikarejesha mfumo mzima, ukaanza kazi mwaka 1984, na mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa miongoni mwa makosa ambayo asingeyarudia.

Husemwa wakati mwingine kwamba watumishi wa Kiafrika hawana hamu ya kuongoza mabadiliko kazini, kwamba wamezoea kuamriwa. Miaka ileile inakanusha. Mwaka 1970 waraka wa Rais uliagiza kuundwa kwa vyombo vya ushiriki wa wafanyakazi katika mashirika ya umma, na mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika kifungu chake cha 15, ukawakemea viongozi wenye majivuno na dharau. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko wakubwa walivyotarajia. Wakagoma, si kwa ajili ya mshahara pekee bali mara nyingi kwa sababu ya meneja anayewatukana au anayeharibu mali ya kiwanda, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakathubutu kukishika kiwanda chenyewe. Wimbi hilo lilizimwa. Vyombo vya ushiriki vilibaki, vikiwa vya kushauri tu. Ni kweli hayo yalikuwa ya viwandani na si ya halmashauri, lakini funzo ambalo watawala walilichukua lilienea kotekote: kumwambia mtu wa chini kwamba ana haki ya kusema jinsi kazi inavyoendeshwa ni jambo la hatari, kwa hiyo aambiwe kwa kipimo.

Mageuzi yaliyotangazwa katika waraka wa sera wa Oktoba 1998 yalikuwa ya dhati zaidi. Yalizungumzia ugatuaji, yakataka halmashauri iajiri na kuwawajibisha watumishi wake, na kuanzia mwaka wa fedha 2004/05 yakaleta ruzuku ya maendeleo inayogawiwa kwa kanuni inayojulikana badala ya upendeleo. Halmashauri ilipimwa kila mwaka. Iliyoshindwa masharti ya chini haikupata fungu la miradi, lakini ilipata fungu la kujengewa uwezo. Kwa anayeshikilia kwamba shida yetu ni fedha tu, kipindi hiki ni kigumu kukieleza. Fedha zilikuwapo, zikitengwa mahususi kwa mafunzo, na watu wakaenda kozi. Vitu vilivyopimwa kwenye tathmini vilipata nafuu: hesabu kufungwa kwa wakati, mihtasari ya vikao kuwapo, zabuni kutangazwa. Ni mambo mazuri, nayo yote ni ya utunzaji. Baitulmali ilikuwa imerudi na kompyuta. Mfumo wa wazi wa kupima utendaji, ulioanza mwaka 2004 na kufahamika kwa kifupi chake cha OPRAS, ulikusudia mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo uso kwa uso, kinyume na ile ripoti ya siri ya zamani. Katika ofisi nyingi ukageuka kuwa fomu ya kujazwa mwezi Juni kwa sababu bila fomu hakuna kupandishwa daraja.

Lipo jaribio moja lililokwenda njia nyingine, na linastahili kuangaliwa kwa karibu. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza, kwa msaada wa shirika la JICA la Japani, kutumia utaratibu uliotoka katika viwanda vya nchi hiyo na uliokuwa umekwisha kujaribiwa katika hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, Sri Lanka. Kwa Kiswahili hatua zake tano zilipewa majina ya sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Kutoka Mbeya ulienea hadi hospitali za mikoa na za wilaya, na hizi za wilaya zinasimamiwa na halmashauri. Ni kazi ya mikono zaidi ya maneno. Timu ndogo ya wodi au ya stoo, akiwamo mhudumu wa usafi, inaanza kwa kutoa kila kitu na kukiuliza kama kinatumika. Kinachobaki kinapewa mahali pake na lebo: dawa inayokaribia kuisha muda mbele, iliyoingia jana nyuma, mstari kwenye rafu unaoonyesha kiwango cha kuagiza nyingine, na jalada la mgonjwa likiwa na namba inayoonekana bila kulivuta. Muuguzi aliyekuwa akipoteza muda kutafuta kifaa anakipata kwa kunyoosha mkono. Na anayeamua kifaa kikae wapi ni huyohuyo anayekitumia. Hilo ndilo lililokuwa geni. Ujuzi wenyewe wa kupanga stoo haukuwa siri kwa mtu yeyote.

Wanaoubeza utaratibu huu wana hoja, tena nzito. Wanasema ni usafi wa kupokelea wageni: rangi sakafuni, picha ya kabla na ya baada, kisha vumbi. Imetokea hivyo mahali pengi, na hatua inayoanguka kwa kawaida ni ya tano. Lakini tazama inaangukia wapi. Kusasambua tu kunakutana mara moja na sheria. Kiti kilichovunjika au mashine iliyokufa ni mali ya umma, haitupwi mpaka iorodheshwe, ithaminiwe na idhini itoke, na dokezo la kuomba idhini hiyo linapanda kutoka kwa mkuu wa idara kwenda juu na kurudi kwa mwendo wake. Wakati huo chakavu kinasogezwa kwenye korido, baadaye nyuma ya jengo, na mwishowe kinarudi chumbani. Timu imefanya yote iliyofundishwa, ikakwama pale ambapo ruhusa si yake. Hapo ndipo wengine hujibu kwamba bora ikwame, kwa sababu ukilegeza idhini mali itaibwa. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hazijawahi kukosa hoja kuhusu halmashauri. Ila ripoti hizo zinahusu mfumo ambao tayari una sahihi nyingi. Sahihi kumi hazijamzuia mwizi aliye miongoni mwa wenye kusaini, zimemchosha tu muuguzi. Tena sehemu kubwa ya marekebisho ya kazi haigusi mali wala fedha: ni mpangilio wa foleni, muundo wa fomu, nani apokee barua na ndani ya siku ngapi. Halmashauri ingeweza kuyaachia hayo kwa timu za wafanyakazi kesho asubuhi, na Baraza la Wafanyakazi, ambalo sheria inalitaka liwepo, likayafuatilia badala ya kukutana kupitisha bajeti na kupiga picha ya pamoja.

Pingamizi ninaloliona gumu zaidi ni la uhamisho. Mkurugenzi huteuliwa na Rais na anaweza kuondoka wakati wowote, wakuu wa idara huzungushwa, na anayekuja huja na vipaumbele vyake. Mganga Mkuu wa Wilaya aliyeziamini timu akihamishwa, mrithi wake halazimiki kuziamini. Hapa mafunzo peke yake hayasaidii hata yakiwa bora namna gani, kwa sababu yanakaa katika kichwa cha mtu na kuondoka naye kwenye gari la mizigo. Kinachobaki ofisini mtu akihama ni malengo ambayo ofisi hupimwa kwayo. Chukua mfano wa kata. Katika mfumo ulioboreshwa wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao ni wa upangaji shirikishi vijijini, maofisa wa kata hufunzwa kuwa wawezeshaji, wakikaa na kijiji kinapopanga na kutekeleza, kazi ambayo ni ya kuongoza marekebisho kuliko kukusanya takwimu. Lakini mtendaji wa kata hupimwa kwa malengo aliyopewa na wilaya: makusanyo ya mapato, michango ya madarasa, taarifa za robo mwaka. Kama katika malengo hayo hakuna hata mstari mmoja unaouliza ni utaratibu gani aliubadilisha mwaka huu na kwa idhini ya nani, atafanya anachoulizwa, kama alivyofanya karani wa mwaka 1926.