Folda inayolindwa: nani ametuma picha zako mtandaoni?

Umepiga picha ya migomba yako hapo Keza. Hujabonyeza kitu kingine, lakini baada ya muda picha imeshapanda mtandaoni na bando limepungua. Nani ameituma?

Ni programu iliyopewa kazi ya kulinda folda. Folda tuifananishe na ghala, na faili ni gunia lililomo: picha, sauti au waraka. Programu hupewa pia maagizo mafupi, yanayoitwa skripti: kikiingia kitu kipya humu, fanya hivi.

Kuna njia mbili za kulinda. Ya kwanza ni kuchungulia kila baada ya muda, kama karani wa chama cha msingi anayeinuka kila dakika tano kutazama kama kahawa imefika. Njia hii humaliza chaji. Ya pili ni mlinzi wa mlangoni kumwita karani pale tu gunia linapoingia. Katika mfumo wa kompyuta wa Linux, mlinzi huyo anaitwa inotify. Aliingizwa mwaka 2005, kwenye toleo la 2.6.13. Simu za Android zimejengwa juu ya Linux, na programu zake zinaweza kumtumia mlinzi huyohuyo.

Hata redio hufanya hivyo. Rivendell, programu ya kurushia matangazo, ina folda za aina hii: ukiweka sauti ndani, yenyewe huiingiza kwenye maktaba ya vipindi.

Tatizo kubwa ni haraka. Faili kubwa huingia kidogo kidogo. Skripti ikikurupuka, huchukua nusu ya faili, na mahojiano hukatika katikati ya sentensi. Karani hapimi gunia ambalo bado liko begani. Ndiyo maana inotify hutoa taarifa tofauti: faili limeanza kuandikwa, na faili limefungwa baada ya kuandikwa. Skripti nzuri husubiri hiyo ya pili.

Sasa rudi kwenye simu yako. Kama unatumia Google Photos, ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi nakala. Chagua folda unazotaka zihifadhiwe. Picha za utani kutoka kwenye magrupu huna haja ya kuzilipia bando. Pia zuia matumizi ya data ya simu, ili kazi hiyo isubiri Wi-Fi.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Picha iliyokwisha kuhifadhiwa, ukiifuta ndani ya Google Photos kwenye simu, inafutwa na kule mtandaoni. Hukaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha inapotea kabisa. Watu wengi hufuta wakidhani wanapunguza mzigo wa simu tu.

Kwa hiyo picha ya hati ya shamba au kadi ya kliniki ya mtoto, weka nakala nyingine mahali pengine, na karatasi yenyewe itunze. Mlinzi wa folda hutii agizo. Hajui kipi kwako ni mali na kipi ni taka.