Hofu ya Kusahau: Kisomo cha Watu Wazima na Vijiji vya Mufindi

Mtu mzima aliyejifunza kusoma anaweza kusahau. Mtoto hukaa shuleni miaka mingi, akakutana na maandishi kila siku mpaka yakamkaa. Aliyeanza na jembe mkononi, akahudhuria darasa saa chache za jioni, huachwa peke yake mara tu anapopewa cheti. Jambo hilo ndilo lililowasumbua waendeshaji wa kisomo nchini Tanzania kuliko hata idadi ya wasiojua kusoma.

Kampeni yenyewe inajulikana. Katika hotuba ya mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 chama tawala, TANU, kiliazimia kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1975. Vijiji vya Mufindi mkoani Iringa, Igowole na jirani zake, viliingia katika kazi hiyo vikiwa na ugumu wao. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kihehe au Kibena, na kitabu kilikuwa cha Kiswahili, hivyo mwanakisomo alijifunza herufi na lugha kwa pamoja. Masika yalipofika, mahindi hayakungoja ubao. Katika mashamba ya chai, mchumaji aliyekesha na daftari aliamkia kikapu na mzani.

Wanafunzi wengi nchini walikuwa wanawake. Walimu walikuwa wa shule za msingi, wahitimu wa darasa la saba na watu wa kujitolea, ambao posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Watani waliliita darasa hilo la ngumbaru, na jina hilo likabaki mpaka leo, nusu dhihaka, nusu mapenzi. Aibu ya kuitwa hivyo ilimzuia mtu kuanza. Aibu ya pili, ya kuonekana amesahau baada ya kusifiwa, ilikuwa nzito zaidi.

Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 uliipa hofu hiyo sura. Matokeo yalipangwa katika hatua nne. Hatua ya kwanza ilimhusu aliyehudhuria tu; ya pili, aliyetambua herufi na maneno. Aliyefika hatua ya tatu alisoma na kuandika sentensi fupi na kufanya hesabu ndogo, na wa nne alisoma gazeti na kuweka kumbukumbu za maisha yake. Wa tatu na wa nne walihesabiwa kuwa wamefuzu. Lakini baina yao kulikuwa na bonde: wa nne alikuwa na kitu cha kujishikiza, wa tatu alikuwa ukingoni.

Dawa iliyotafutwa haikuwa mitihani zaidi. Ilikuwa maandishi ya kusomwa. Kanda ya Ziwa ilikuwa imeanza kutoa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, mwaka 1974, na maktaba za vijiji zikaenezwa katika kata. Redio nayo ilivuta vikundi vya wasikilizaji kwa vipindi vyake: Mtu ni Afya mwaka 1973, kisha Chakula ni Uhai mwaka 1975, vyote vikiwa na vijitabu ambavyo kikundi kilivisoma na kuvijadili, kisha kikachimba choo au kutunza bustani. Hapo msomaji alipata faida ambayo cheti hakikumpa, yaani sababu ya kufungua kitabu tena kesho yake. Hatua za kujiendeleza, za tano na sita, ziliongezwa ili aliyefuzu asirudi alikotoka.

Takwimu rasmi zilipendeza. Wasiojua kusoma, waliokuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, walikadiriwa kuwa asilimia 9.6 mwaka 1986. Hata hivyo nchi ilikuwa imeishiwa fedha. Vita vya Kagera vya 1978–1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliwakumba hata wanakisomo: mafuta ya taa, daftari na karatasi za magazeti vikawa adimu. Yaelekea hapo ndipo waliofika hatua ya tatu walipoanza kupotea mmoja mmoja, wala haukuwa uvivu wao.

Kuna kejeli kidogo katika jiografia. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kwenye barabara inayotoka Mafinga, humohumo Mufindi, kilianza uzalishaji mwaka 1985, karatasi zilipokuwa zinahitajika kuliko wakati wowote. Kikasimama katika miaka ya 1990, kisha kikauzwa kwa wawekezaji binafsi. Barabara ikaendelea kubeba magogo na chai.

Mwaka 1997 yalianza majaribio ya MUKEJA, mpango wa kuwianisha elimu ya watu wazima na jamii, ambamo kikundi huchagua chenyewe la kujifunza na mradi wa kufanya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wasiojua kusoma walikuwa tena kama asilimia 30 ya watu wazima, wakiwemo wengi ambao hawakuwahi kuingia darasani kabisa. Tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ianze nchini mwaka 2008, maandishi yamefika kwa njia ambayo hakuna kampeni iliyoipanga: ujumbe mfupi unaotaja kiasi kilichopokelewa, jina la mtumaji na salio, husomwa neno kwa neno, na hurudiwa kabla ya simu kurudishwa mfukoni.