Kasi ya Picha: Umbo la Sinema ya Kikoloni kama Ushahidi wa Historia

Wanaochunguza sinema ya kikoloni huuliza kwanza filamu zile zilisema nini: chimbeni vyoo, wekeni akiba, waheshimuni wakubwa. Makala haya yanauliza zilisemaje. Urefu wa picha, mahali pa kamera na sauti ya msimulizi huhifadhi habari za jamii iliyotengeneza filamu, na pengine kwa uaminifu kuliko maneno yenyewe, kwa kuwa mtengenezaji hakudhani kwamba katika hayo anasema neno lolote.

Tuanze na kanuni. William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya huko Nigeria kabla ya kuongoza Colonial Film Unit ya Uingereza (1939-1955), alishikilia kwamba Mwafrika haoni kama Mzungu aonavyo. Picha ziende polepole, kamera isitembetembe, mtu asionekane mjini kabla hajaonyeshwa akitoka kijijini. Katika Kongo ya Wabelgiji, L. Van Bever aliandika maagizo ya namna hiyo hiyo katika kitabu chake cha 1952 juu ya sinema kwa Waafrika. Ushahidi wao mkubwa ulikuwa kisa cha kuku: watazamaji walionyeshwa filamu ya usafi, na walipoulizwa wameona nini, wakajibu wameona kuku, ambaye wenye filamu hawakuwa wamemwona. Kisa hiki kilirudiwa mara nyingi, hata McLuhan akakitia katika kitabu chake cha 1962. Kwa maoni yetu kinathibitisha kinyume chake: aliyemwona kuku ndiye aliyetazama vizuri zaidi. Mapema katika miaka ya 1950, Peter Morton-Williams alichunguza watazamaji wa vijijini Nigeria, akaona kwamba ugumu wa kuelewa ulitoka zaidi katika ugeni wa mambo yaliyoonyeshwa kuliko katika ufundi wa picha.

Mfano wa karibu na lugha yetu ni Bantu Educational Kinema Experiment, iliyofanya kazi kuanzia 1935 hadi 1937, makao yake yakiwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Katika filamu yake moja, juu ya benki ya posta, watu wawili wanapokea mshahara: mmoja anazika fedha zake nyumbani na kuibiwa, wa pili anaziweka posta na kufanikiwa. Msikilizaji wa hadithi atatambua mara moja muundo wa mjinga na mwerevu. Lakini mwerevu wa hadithi zetu, awe Sungura au Abunuwasi, hushinda kwa kumlaghai mwenye nguvu. Mwerevu wa Vugiri anashinda kwa kumtii. Umbo limeazimwa kwetu, na kiini chake kikageuzwa.

Sauti nayo ina ushahidi wake. Picha zile zile zilipaswa kutumika kwa Kiswahili, Kisukuma, Kiganda, Kibemba na lugha nyingine, kwa hiyo maneno yalitiwa katika sahani za santuri, mbali na picha. Sababu ilikuwa ya kiufundi na ya gharama, tunakubali. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba Mwafrika anaonekana akitenda huku mwingine akimsemea, na hiyo, kwa ufupi, ndiyo serikali ya kikoloni.

Kongo ilikuwa na kinaya chake. Sheria ilimzuia Mwafrika kutazama filamu zisizoidhinishwa kwa ajili yake. Lakini filamu za makauboi zilipita, na katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walijiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill. Wakajiundia lugha, Kihindubill, juu ya msingi wa Kilingala. Hao ndio watu walioambiwa kwamba mkato wa haraka wa picha ungewachanganya! Mwanaisimu anaweza kusema kwamba waliielewa sarufi ya sinema kiasi cha kuzaa msamiati kutokana nayo.

Mwaka 1987, Mwezé Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Benoît Lamy, walitoa *La Vie est belle*. Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki kutoka kijijini anayekuwa mtumishi wa nyumbani Kinshasa. Nyimbo zake zinaendesha hadithi, wala hakuna msimulizi wa kumsemea. Tajiri anayemwajiri ameoa msichana ambaye Kourou anampenda. Na msichana anaishia kwa mtumishi.