Siku Arobaini za Mzazi, Kazi Iliyoachwa Njiani

Katika harusi za pwani ya zamani, wazazi wa bibi harusi walikuwa na haki zao mbali na mahari ya binti. Baba alipewa kilemba, mama akapewa mkaja na ubeleko. Zimetajwa katika maandishi ya desturi, likiwemo simulizi la Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Muoaji, basi, alikuwa akimlipa mama mkwe wake deni la miaka kumi na tano au ishirini nyuma, tena si deni la kumlisha na kumvisha binti peke yake, bali pia la mwili uliofungwa, ukauguzwa na kurudishwa baada ya kumzaa. Leo mkaja hutiwa kwenye bahasha pamoja na mambo mengine na hakuna anayeuliza ni wa nini. Lakini jamii haitozi watu kwa kitu isichokiona kuwa gharama, na desturi hii ni ushahidi mzuri kwamba arobaini ya mzazi, pamoja na dua na ubani wake, ilikuwa kwanza kazi ya kutibu mwili, ikifanyiwa nyumbani na mtu mwenye ujuzi.

Kazi yenyewe bado inajulikana. Maji huchemshwa, mara nyingi na majani ya mwarobaini au mchaichai, yakamiminwa kwenye beseni. Mkandaji huchovya kitambaa kizito, hukikamua, hukijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, kisha hukibandika tumboni kwa mzazi na kukandamiza kwa viganja, akishuka kutoka juu ya kitovu kuelekea kinenani. Akimaliza tumbo huhamia kiuno, nyonga, mgongo na mapaja, palipobeba uzito kwa miezi tisa. Hufuata mafuta ya nazi, halafu mkaja, unaofungwa kuanzia nyonga kupanda juu. Siku za mwanzo kazi hii hufanyika asubuhi na jioni, kisha huja uji wa pilipili manga. Mkandaji mzuri husoma kwa vidole: anajua kama mfuko wa uzazi umeshuka, kama misuli ya katikati ya tumbo imeachana, kama mzazi anakwepa upande mmoja kwa maumivu. Mtaalamu wa fiziotherapia anayemtembelea mzazi nyumbani hii leo huanza hapo hapo, kwa kutazama na kupapasa, ingawa yeye ataandika alichokiona.

Wapo watakaosema ninaipamba desturi, kwamba arobaini ni hukumu ya dini tu, mwanamke anatengwa kwa sababu ya nifasi, yaani damu ya uzazi, hadi ikatike. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama pwani yetu isingekuwa ya madhehebu ya Shafi. Kwa Shafi, nifasi haina kiwango cha chini. Inaweza kuwa ya kitambo kidogo tu. Kawaida yake ni siku 40 na ukomo wake ni 60. Damu ikikatika siku ya kumi na mbili, mwanamke anaoga na kuswali siku hiyo hiyo. Ndani ya nyumba, hata hivyo, anaweza kuwa ameshaanza kuswali na bado anakandwa, bado amefungwa mkaja, bado haruhusiwi kuinua ndoo. Sheria ilikwishamfungulia. Waliomzuia ni mama yake na mkandaji, na walikuwa na sababu nyingine. Tena mapumziko ya uzazi hayakungoja Uislamu: Uchaggani mzazi alilelewa hadi miezi mitatu kwa mtori na maziwa, akiwa amewekwa mbali na jembe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, kwamba raha hii ilikuwa ya waungwana. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Katika nyumba za Unguja na Mombasa zilizoendeshwa na watumwa, aliyechota maji ya kumkanda bibi alikuwa naye mwanamke mwenye kizazi, na hakuna aliyemhakikishia yeye siku arobaini. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake wa asili ya utumwa walichukua mengi yaliyokuwa alama za uungwana, na arobaini ikawa ya kila nyumba iliyoweza kumpata mama, shangazi au jirani wa kukanda. Kwamba kitu kilianza kama upendeleo hakukifanyi kiwe anasa. Walionyimwa walikitaka kwa sababu walijua kilichomo.

Tazama njia iliyopita kazi kama hiyo Uingereza. Mwaka 1894 wauguzi wanne waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, hasa kuilinda kazi yao na sifa mbaya iliyoipata katika magazeti. Chama kiliweka mitihani, kikapata hadhi, na ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia wa nchi ile. Katika hospitali ya St Thomas's, London, Minnie Randell, aliyekuwa muuguzi, mkunga na mkandaji, aliwafundisha wazazi mazoezi wakiwa bado kitandani. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alichapisha mazoezi ya misuli ya nyonga ambayo hadi leo yana jina lake. Wala tusidhani wenzetu walikuwa na elimu safi tangu mwanzo. Hadi miaka ya 1930 mzazi wa Kiingereza alilazwa chali siku kumi au kumi na nne, na kulala huko kuliwaletea baadhi yao damu kuganda miguuni. Waliipima desturi yao, wakatupa kilichodhuru na kukiboresha kilichofaa.

Huku kwetu kazi ile haikupata mitihani wala chama. Nyumba za uzazi zilipoanza kufunguliwa wakati wa ukoloni, kama ile ya Pumwani, Nairobi, mwaka 1926, macho yote yalikuwa kwenye saa ya kuzaa. Haki itendeke hapa: kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu kiliua watoto kwa pepopunda, na damu iliyokosa kuzuiwa iliua mama zao. Aliyeondoa vifo hivyo hahitaji kuomba radhi. Ila mkunga wa mtaani alikuwa na kazi mbili, kupokea mtoto na kumrudisha mama, na hospitali ilirithi ya kwanza tu. Mkunga wa wodini kazi yake na mzazi huishia mlangoni, mara nyingi siku ya pili. Siku zilizobaki hazikupigwa marufuku wala kufundishwa na mtu. Ziliachiwa bibi, na bibi alikuwa kijijini ilhali mjukuu amepanga chumba Temeke au Kisauni.

Madaktari wana malalamiko yao dhidi ya wakandaji, na wengi wao wana haki. Maji ya kuunguza yameharibu ngozi. Mkaja uliokazwa mno husukuma uzito chini, kwenye misuli ile ile inayotaka kupona. Na aliyezaa kwa upasuaji akikandamizwa juu ya mshono anaweza kuumizwa vibaya. Yote haya lakini ni makosa ya ufundi, na ufundi hurekebishwa kwa mafunzo. Agizo la "usikandwe" linalotolewa wodini bila kitu mbadala halimzuii mtu. Linamfanya akandwe kwa siri na amfiche muuguzi.

Jambo la ajabu ni kwamba muda upo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84, zaidi ya mara mbili ya arobaini. Shirika la Afya Duniani linataka mama aonwe tena siku ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita, ambayo huisha siku mbili tu baada ya arobaini. Mahitaji nayo yapo, maana mijini wapo wanawake wanaoishi kwa kukanda, wakipita nyumba hadi nyumba kwa malipo, wakiitwa kwa simu. Hawa ndio wanaomwona mzazi kila siku, huku mwanafiziotherapia akimpata baada ya mwaka, anapokuja na mgongo usionyooka au mkojo unaomtoka akikohoa. Wiki chache za mafunzo zingetosha kumfundisha mkandaji kupima joto la maji, kuuacha mshono, kulegeza mkaja, kumwelekeza mzazi kukaza misuli ya nyonga, na kujua ni homa gani na ni damu kiasi gani inayodai gari la hospitali usiku huo huo. Kinachokosekana ni ofisi itakayokubali kuandika jina lake kwenye daftari.