Sumaku ya Mbarara na njia ya Hagadera

Mwaka 1962 Paul Lauterbur alipata shahada ya uzamivu huko Pittsburgh, Marekani, na Peter Mansfield akapata yake London. Mwaka 1973 Lauterbur alichapisha picha ya mirija midogo miwili ya maji iliyopigwa kwa sumaku na mawimbi ya redio. Jarida la Nature lilikuwa limeikataa kwanza! Huo ndio mwanzo wa MRI. Tuzo ya Nobel iliwafikia wote wawili 2003.

Kambi ya wakimbizi ya Hagadera, Kenya, ilipofunguliwa Juni 1992, Wasomali wakikimbia vita, hospitali kubwa za Ulaya zilikuwa zimeshaizoea mashine ya MRI. Kuifikisha Afrika Mashariki lilikuwa jambo jingine. Sumaku ya tesla 1.5 hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, hutaka umeme usioyumba na chumba kilichokingwa dhidi ya mawimbi.

Fikiria mama wa Hagadera ambaye mwanawe amejaa maji kichwani. Ataandikiwa rufaa, atasubiri kibali cha kutoka kambini, kisha kilomita 100 hivi hadi Garissa, na zaidi ya 350 nyingine hadi Nairobi. Mtoto akiwekewa mrija wa kupunguza maji, halafu ukaziba kambini usiku, safari ni ileile. Umbali wa namna hiyo ndio uliomfanya daktari Benjamin Warf, huko Mbale, Uganda, apendelee kutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yajipatie njia. Lakini kabla ya kutoboa, lazima picha.

Mganda Johnes Obungoloch alisomea uzamivu Penn State, Marekani, akibuni MRI nafuu kwa watoto wenye maji kichwani, kisha akarudi Chuo Kikuu cha Mbarara. Ripoti ya 2023 inasimulia kilichofuata: vipande vililetwa kwa ndege kutoka Uholanzi, wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwa na ujuzi wa kazi hiyo wakapanga visumaku kwenye pete 23, na baada ya siku 11 hivi picha ya kwanza ikatoka. Mashine inakaa juu ya toroli, haihitaji heliamu. Nguvu yake ni militesla 50, sehemu moja ya thelathini ya ile kubwa.

Picha zake zina ukungu, tusidanganyane. Ila mpasuaji hapa hatafuti kila mkunjo wa ubongo; anataka kujua maji yamekaa wapi. Mwaka 2021 watafiti waliwaonyesha wataalamu picha zilizofifishwa makusudi, na ikaonekana kuwa hata hizo zaweza kufaa kupangia matibabu. Zilizosafishwa kwa kompyuta zilipendeza zaidi, lakini hizo ndizo zilizowatia watafiti wasiwasi kwamba zaweza kupotosha.