Homa ya ini inayojificha: historia iliyoanzia Bethesda

Mapema miaka ya 1960, katika maabara za Taasisi za Taifa za Afya mjini Bethesda, Maryland, nje kidogo ya Washington, watafiti Baruch Blumberg na Harvey Alter waliona jambo wasilolitarajia. Damu ya mgonjwa wa hemofilia, aliyekuwa ametiwa damu mara nyingi, ilipambana na kitu kigeni kilichokuwamo katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Wakakiita antijeni ya Australia.

Walipoitafuta kwa watu wengine, waliikuta zaidi kwa wagonjwa wa saratani ya damu, na mwaka 1965 wakaandika kwamba huenda inahusiana na maradhi hayo. Baadaye ukweli ulidhihirika: lilikuwa gamba la kirusi cha homa ya ini aina ya B. Blumberg alitunukiwa Nishani ya Nobel mwaka 1976.

Lakini kisa cha kirusi hicho na wagonjwa wa saratani hakikuishia hapo. Mtu aliyeambukizwa anaweza kupona, na antijeni ile isionekane tena. Hata hivyo, kirusi huacha mbegu yake ndani ya seli za ini, ikidhibitiwa na kinga ya mwili. Matibabu ya saratani yanapoidhoofisha kinga hiyo, kirusi huamka, na ini laweza kuharibika hadi mgonjwa kufariki dunia.

Hatari ni kubwa zaidi kwa dawa kama rituximab, iliyoidhinishwa mwaka 1997, ambayo huangamiza seli zinazozalisha kingamwili. Awali madaktari walishauriwa kuwapima wale tu walioonekana kuwa hatarini. Vifo havikukoma. Mnamo Septemba 2013, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, yenye makao Silver Spring, pia Maryland, ilitoa onyo kali: kila mgonjwa apimwe kabla ya kuanza dawa hiyo. Mwaka 2020, chama cha madaktari wa saratani chenye makao Alexandria, Virginia, kilipendekeza vivyo hivyo kwa wote wanaoanza dawa za saratani.

Kipimo cha antijeni peke yake hakitoshi. Kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi ndizo hufichua maambukizi ya zamani. Akigunduliwa mapema, mgonjwa aweza kukingwa kwa vidonge kama tenofovir.

Barani Afrika, wengi huambukizwa utotoni bila kujua. Kwao, swali moja kwa daktari kabla ya matibabu laweza kuokoa maisha.