Soneti na Wimbo wa Kuitikiana

Soneti ilizaliwa Sicilia katika karne ya 13, kwenye baraza la Kaizari Frederick wa Pili, na utungaji wake wa mwanzo huhusishwa na Giacomo da Lentini, karani wa sheria. Ina mishororo 14. Katika soneti ya Kiitalia, minane ya kwanza hutandaza jambo, kisha sita ya mwisho huligeuza: mpenzi analalama, halafu anajijibu mwenyewe. Mshairi Mwitalia Petrarca alimwona Laura, mpendwa anayemwimba, mwaka 1327. Laura akafa mwaka 1348, naye akazidi kumtungia. Diwani yake ina tungo 366, nyingi zikiwa soneti, na karibu zote zasema kwa sauti ya mwanamume mmoja. Mpendwa anasifiwa, anaombwa, analiliwa. Nafasi ya kujibu ni finyu mno.

Tarbia ya pwani yetu nayo ina sheria kali: mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa kila mshororo, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria hizo mwaka 1954. Lakini tarbia humwachia mwenzako mlango. Tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga ya siasa na ya mapenzi pia, malenga akitoa shairi hutarajia mwingine amjibu kwa bahari ile ile.

Huku bara, kwenye majani chai, mapenzi yaliimbwa hivyo hivyo, kwa kuitikiana. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet, wakiimba Chemirocha kwa kinubi kiitwacho chepkong. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers kwa matamshi ya huku, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika vijijini kwa gramafoni. Katika wimbo amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, na wasichana wanamwita aje acheze nao. Rodgers alikuwa amekufa tangu 1933. Kwa hiyo wasichana hao na Petrarca walimwimbia mtu asiyeweza kuitika. Ila huku mmoja akianzisha, wenzake wanampokea. Hakuna anayebaki na shauku yake peke yake. Nausikia wimbo huo kuwa wa mahaba kuliko soneti nyingi zilizosifiwa.

Soneti 154 za Shakespeare zilichapwa mwaka 1609, nazo pia ni za msemaji mmoja. Hata hivyo, katika tamthilia ya Romeo na Juliet aliivunja desturi hiyo. Wapenzi wanapokutana mara ya kwanza, maneno yao yanaunda soneti kamili: Romeo anasema mishororo minne, Juliet anamjibu kwa minne, kisha sita iliyobaki wanapokezana hadi wanabusiana. Juliet anajibu kwa baadhi ya vina alivyopewa, kama malenga wa Mombasa.

Mwalimu wa huku Sosiot anayefundisha soneti na aanze na hiyo ya Romeo na Juliet. Asiisome yeye, wanafunzi wawili wasimame mbele ya darasa, wapokezane.